Kitambi cha Mfarishi

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI TUSHIKAMANE, BWIZA, BUJUMBURA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA WANACHAMA KILICHOFANYIKA KWENYE BARAZA LA CHAMA, JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025, KUANZIA SAA NANE MCHANA

WALIOHUDHURIA

Mama Irène Cirimwami – Mwenyekiti
Papa Gélase Nzobambona – Makamu Mwenyekiti, fundi wa suruali na makoti
Bi Assia Radjabu – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Bwana Shakuru Issa – Mwanachama, pia fundi wa kutengeneza mashine zetu
Dada Christa Inamahoro – Mwanachama

MGENI

Mama Gaëlle Namegabe – fundi, mkazi wa Mutakura, bado si mwanachama

WASIOHUDHURIA

Papa Léonce – kwa taarifa, yuko msibani Cibitoke
Mama Médiatrice – bila taarifa. Asubuhi alionekana sokoni, mzima kabisa.

Maneno ya watu yameandikwa jinsi yalivyotoka midomoni. Anayeona hakusema vizuri aseme vizuri zaidi siku nyingine.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alikaribisha wajumbe na kuwashukuru kwa kufika, ingawa wengi walikuwa wametoka kwenye kazi za pamoja za Jumamosi na mikono bado ilikuwa na udongo. Aliagiza kila mtu anawe kabla ya kugusa kitambaa chochote. Wote walinawa. Papa Gélase alisema yeye alinawa nyumbani, akaambiwa anawe tena, akanawa.

Zamu ya kuomba dua ilikuwa ya Bwana Shakuru. Aliomba kwa ufupi. Papa Gélase alisema dua imekuwa fupi mno kwa jambo zito kama la leo. Bwana Shakuru alijibu kwamba Mungu si mteja, hahitaji kuelezwa mara mbili anataka nini. Mwenyekiti aliomba tuendelee.

KUMB. NA. 2/06: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha Mei. Zilithibitishwa, isipokuwa palitokea mabishano juu ya azimio linalomhusu Mama Namegabe, kwa hiyo linarudiwa hapa lote ili mtu asije akasema hakusikia.

Mama Namegabe anashonea kwenye kona ya baraza letu, kando ya nguzo, kama mgeni. Mashine za wanachama hulala hapahapa barazani, zimepitishwa mnyororo mmoja na kufuli moja, na ufunguo anao Papa Gélase. Mashine ya mgeni hailali kwenye mnyororo. Huo ni utaratibu wa chama tangu kianzishwe. Kwa sababu hiyo Mama Namegabe kila jioni hufungua kichwa cha mashine yake, hukifunga ndani ya kitenge na kurudi nacho Mutakura, na asubuhi hukileta tena. Basi likipatikana hupanda basi. Siku ambazo mabasi hayana mafuta, na sote tunazijua siku hizo, hukitia kichwani na kutembea. Amekuwa akifanya hivyo tangu mwaka juzi. Kichwa cha mashine ni chuma kitupu, na yeye si kijana.

Azimio la Mei lilisema hivi: Mama Namegabe ashone kiraka cha katikati cha mfarishi wa chama. Mfarishi ukilala sawasawa mezani, atapokewa kuwa mwanachama na mashine yake itaingia kwenye mnyororo. Usipolala, ataiacha kona mwisho wa mwezi wa Juni, na kona itapewa Bwana Fortunat, fundi wa mashati, ambaye ni shemeji yake Papa Gélase.

Papa Gélase aliuliza kama kulikuwa na haja ya kuandika habari za ushemeji. Katibu alijibu kwamba haja ilikuwepo.

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/06: TAARIFA YA MFARISHI WA SAMPULI

Mwenyekiti alikumbusha tulikotoka. Nguo za mitumba zimejaa mjini, na mtu anayeshonesha gauni leo anahesabika kuwa na moyo mkubwa. Lakini wateja wameanza kuuliza mifarishi ya kitandani, ile yenye kitambaa juu, pamba katikati na kitambaa chini, vyote vikashonwa pamoja kwa nakshi za uzi. Hapa barazani hakuna aliyejua kuzipiga nakshi hizo kwa mashine. Ndipo chama kilipoamua kushona mfarishi mmoja wa viraka tisa, kila kiraka na nakshi yake, ili tujifunze juu yake na baadaye tuutundike mlangoni, mteja aoneshe kwa kidole anachotaka.

Mwenyekiti alieleza kwa furaha kwamba viraka vinane vya pembeni vimekamilika. Alivitaja: mawimbi na majani (vya Mwenyekiti mwenyewe), magamba ya samaki aina ya mukeke (Dada Christa), konokono (Bwana Shakuru), vigae (Papa Léonce), maharage (Mama Médiatrice), mistari iliyonyooka (Papa Gélase) na ndagala, yaani dagaa (Katibu).

Ilisemekana kwamba ndagala za Katibu zinafanana na misumari. Katibu hakubaliani. Ndagala zikikauka zinakuwa vile.

Dada Christa aliomba ieleweke kazi ilikuwa ngumu kiasi gani. Kwenye mashine zetu meno ya chini huvuta kitambaa kwenda mbele, mbele tu, na nakshi inataka kitambaa kiende kila upande kwa mkono wa fundi. Meno yenyewe hayashuki. Bwana Shakuru ndiye aliyekata vipande vya bidoni la mafuta ya kula, akavitoboa tundu la sindano na kuyafunika meno navyo. Baada ya hapo ilibaki mguu na mkono kusikilizana. Dada Christa alisema: "Mi siku ya kwanza mguu ulikimbia, mukono ukabaki. Magamba yangu yalikuwa makubwa kama sahani. Sasa angalieni."

Wajumbe waliangalia. Magamba ni mazuri, yamepangana kama samaki mbichi. Dada Christa alipigiwa makofi, na kusema kweli alistahili.

Papa Gélase aliomba na yeye aelezwe kwa nini mistari yake iliyonyooka haikupigiwa makofi. Mwenyekiti alisema imenyooka sana. Alipigiwa makofi.

KUMB. NA. 4/06: KITAMBI

Mfarishi ulitandazwa juu ya meza ya kukatia. Papa Gélase aliomba kipimo kifanyike mbele ya wote: rili ya uzi isimamishwe katikati ya mfarishi, ikisimama basi umelala sawasawa. Alitoa rili yake mwenyewe, akaisimamisha. Ilianguka. Aliisimamisha tena, ikaanguka upande wa pili na kubingirika hadi miguuni pa Mwenyekiti.

Sababu ilionekana kwa macho. Viraka vinane vya pembeni vimetulia mezani, lakini kiraka cha katikati, ambacho hakijashonwa, kimevimba kwenda juu. Ukikibonyeza kinazama, ukitoa mkono kinarudi. Bwana Shakuru alisema mfarishi umeota kitambi. Neno hilo likakubalika na limetumika mpaka mwisho wa kikao.

Papa Gélase alisema huo ndio ushahidi wenyewe. Mama Namegabe amepewa kiraka kimoja tu na kiraka hichohicho ndicho kimeharibika.

Mama Namegabe, akipewa nafasi ya kujibu, alisema: "Papa Gélase, hii kiraka sijaitia hata sindano. Ningeiharibu na nini?"

Mwenyekiti aliuliza pindo la kuzunguka mfarishi wote lilishonwa lini. Wajumbe waliliangalia pindo. Aliuliza tena. Dada Christa alisema lilishonwa mwanzoni kabisa, kabla ya nakshi yoyote. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyelishona. Kila mtu alikuwa anamjua, kwa sababu pindo la namna ile, lililokaza na kunyooka, Bwiza nzima linatoka kwa mtu mmoja.

Papa Gélase alikiri kwamba ni yeye. Alieleza kuwa alikabidhiwa umaliziaji, na kwamba mtu wa suruali hawezi kulala akijua kuna ukingo ulio wazi. "Nguo yenye ukingo wazi iko inatoa nyuzi. Mi nilifunga. Nilifanya kazi safi."

Mwenyekiti alieleza, kwa upole ambao Katibu asingeuweza, kwamba kazi ni safi ila haikuwa wakati wake. Mfarishi unaposhonwa, kila nakshi inasukuma kitambaa kidogo mbele yake. Kama ukingo uko wazi, kinachozidi kinatokea nje na kukatwa. Ukingo ukiwa umefungwa, kinachozidi hakina mlango. Watu saba wameshona kutoka pembeni kuja ndani, na kila mmoja amekisukumiza chake katikati. Kitambi ni cha chama kizima, alisema, lakini mlango ulifungwa na mtu mmoja.

Katibu alipendekeza pindo lifumuliwe.

Hapa inabidi ielezwe kwa ajili ya atakayesoma baadaye. Katika chama hiki hakuna anayefumua mshono wa mwenzake. Kumfumulia mtu ni kumwambia mbele ya watu kwamba hajui kazi. Mshono hufumuliwa na aliyeushona, na kwa hiari yake. Mama Irène ni Mwenyekiti, lakini hata yeye hana ruhusa ya kutia wembe kwenye uzi wa Papa Gélase.

Papa Gélase aliulizwa kama yuko tayari kufumua. Alijibu: "Apana. Mi sifumue. Ile pindo iko sawa kuliko barabara ya hapa mbele. Mukitaka kulala sawasawa, yule wa katikati ndiye atafute namna."

Aliambiwa kwamba kwa kusema hivyo anamfukuza mtu kwenye kona yake kwa kosa lisilo lake. Alisema yeye hamfukuzi mtu, azimio ndilo linalosema. Mwenyekiti alimwuliza kama Bwana Fortunat amekwishaambiwa aje na mashine yake. Papa Gélase alisema Fortunat ni mtu wa kujiandaa mapema.

Mama Namegabe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

KUMB. NA. 5/06: MAJARIBIO

Bwana Shakuru alipendekeza pasi. Pasi ya makaa ilipashwa, kitambaa kikanyunyiziwa maji, Dada Christa akabonyeza kwa nguvu zake zote. Kitambi kilizama. Wajumbe walianza kupongezana. Kabla hawajamaliza kiliinuka tena, taratibu, kama andazi kwenye mafuta. Papa Gélase alionekana akitabasamu. Aliulizwa anatabasamu nini, akasema ni jua.

Dada Christa alipendekeza kitambi kikunjwe marinda na kushonwa. Mwenyekiti alikataa, akasema marinda ni ya sketi, na mteja akiyaona katikati ya mfarishi atajua palikuwa na jambo tunalificha.

Ndipo Mama Namegabe alipoomba kusema. Maneno yake yaliandikwa yote:

"Mama Présidente, pasi apana, marinda apana. Munipe nafasi nishone ile kiraka vile iko, na kitambi chake. Pindo ya Papa Gélase sitaigusa. Kitambaa ukikitia uzi mingi, mingi, karibukaribu, kinajikusanya. Wote munajua. Kola mukiidarizi sana si inakuwa ndogo? Basi. Ile imezidi, uzi itaikula. Kwetu Bukavu tulikuwa tunashona vifarishi vya watoto wachanga, na vingine vilikuwa na matumbo kuliko watoto wenyewe."

Wajumbe walicheka, na Papa Gélase naye kidogo. Kisha alisema kwamba kola ni kola na hapa pamezidi kitambaa cha kutosha kushona kofia. Akasema pia kwamba Mama Namegabe akishaanza hakuna kurudi nyuma. Uzi uliokazana namna hiyo haufumuki bila kutoboa kitambaa, kwa hiyo ikishindikana kona imekwenda na mfarishi wa chama umekwenda nao.

Mama Namegabe alijibu kwamba anajua. Mwenyekiti alimwuliza kama angependa tusubiri Papa Léonce arudi kutoka msibani ili naye ashuhudie. Alisema: "Apana. Leo."

Mwenyekiti aliruhusu.

KUMB. NA. 6/06: KAZI YA MAMA NAMEGABE MBELE YA KIKAO

Kikao kiliendelea kwa kusimama, kwa sababu hakuna aliyekubali kukaa.

Mama Namegabe alikigawa kitambi kwa pini. Alianza kwa kukichoma katikati kabisa, kikawa vitambi viwili, akavigawa tena, na tena, mpaka kiraka chote kikawa na vivimbe vidogovidogo vingi kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Bwana Shakuru aliiangalia mashine ya Mama Namegabe, akatia tone la mafuta na kukaza kipande cha bidoni. Mama Namegabe aliukunja mfarishi kama mkeka kutoka pande mbili, akaupitisha chini ya mkono wa mashine, akakaa.

Nakshi aliyoichagua ni kokoto. Ni miduara midogo, kila mmoja umegusana na mwenzake, na mingine si mikubwa kuliko punje ya hindi. Alikanyaga polepole. Mguu haukubadilisha mwendo hata mara moja. Mikono ndiyo iliyokuwa inacheza.

Tatizo lilitokea mapema. Mfarishi ni mzito, na upande uliobaki ulikuwa unaning'inia hadi sakafuni na kuvuta kitambaa chini ya sindano. Miduara ilianza kurefuka kuwa mayai. Mama Namegabe alisimamisha mguu, akaupandisha mfarishi begani, akaendelea, ukateleza tena. Dada Christa alikwenda kumshikia lakini hakufikia, kwa kuwa ni mfupi na upande ule ukuta uko karibu.

Kilichofuata Katibu alikiona kwa macho yake mwenyewe na anakiandika kwa furaha. Papa Gélase alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Aliangalia mfarishi ukiburuta kwenye vumbi. Aliangalia tena. Kisha alisema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba kitambaa hakiburutwi hivyo, na kwamba hata kama watu hawapendani kitambaa hakina kosa. Akaja, akainama, akaunyanyua upande ule wote juu ya mikono yake miwili, akaupeleka usawa wa meza ya mashine na kubaki hapo.

Mama Namegabe alisema "Asante, Papa." Papa Gélase alisema: "Shona."

Alishona. Yeye akienda kushoto, Papa Gélase anakwenda kushoto. Akizungusha, Papa Gélase anazungusha. Watu wa duka la simu walioko jirani walikuja kuangalia, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la nyanya alilitua chini akabaki.

Karibu na mwisho sindano iligonga pini na kukatika. Mama Namegabe alitafuta sindano nyingine kwenye kopo lake, akakuta nyembamba tu, za hariri. Papa Gélase, ambaye mikono yake ilikuwa imebeba, alisema sindano nene ziko kwenye ukosi wa koti lake na mtu amchomolee. Katibu ndiye aliyeichomoa. Sindano ya Papa Gélase iliingizwa kwenye mashine ya Mama Namegabe na kazi ikaendelea.

Kokoto ya mwisho ilishonwa pembeni mwa kiraka, kushoto. Mama Namegabe alikata uzi kwa meno, jambo ambalo kwa kawaida Mwenyekiti hulikataza. Hakukatazwa.

Mfarishi ulirudishwa kwenye meza ya kukatia. Mwenyekiti alipitisha kiganja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akakipitisha tena kwa upande wa pili. Alichukua rili ya uzi na kuisimamisha katikati.

Ilisimama.

Bwana Shakuru aliitikisa meza kidogo. Ilisimama. Papa Gélase alisema hiyo si kutikisa, akaitikisa mwenyewe, na rili ilisimama. Mwanamke wa nyanya alipiga kigelegele, na Dada Christa akamjibu. Mfarishi umelala. Hauna kitambi wala dalili kwamba uliwahi kuwa nacho, na kiraka cha katikati sasa ndicho kizuri kuliko vyote, hata kuliko ndagala. Katibu anasema hivyo kwa hiari yake. Tumeushona, tumeujua, na kuanzia leo mteja wa Bwiza anayetaka mfarishi hana sababu ya kwenda mahali pengine.

KUMB. NA. 7/06: KUPOKEA MWANACHAMA

Mwenyekiti alitaka kupiga kura mara moja. Papa Gélase alipinga, akakumbusha kwamba chama hiki hupima kazi kwa mgongo wake, si kwa uso. Alikuwa na haki. Mfarishi uligeuzwa.

Papa Gélase alivaa miwani. Alikagua mgongo wa kiraka cha katikati kwa muda mrefu, kidole kwa kidole, na wajumbe wakaanza kuguna. Mwishowe alisema ameona kitanzi kimoja cha uzi uliolegea. Alikionesha. Kweli kilikuwepo.

Mama Namegabe alisema: "Ni pale sindano ilikatikia."

Papa Gélase alisema: "Najua. Nilikuwa nimeshika." Akavua miwani. Aliongeza kwamba kwenye viraka vingine, pamoja na mistari yake mwenyewe, ameona vitanzi vingi zaidi, na kwamba mwenye macho aje aangalie. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti, Dada Christa, Bwana Shakuru na Katibu walinyoosha. Papa Gélase hakunyoosha. Alipoulizwa alisema mikono imechoka kwa kubeba. Katibu alimwuliza aandike nini. Alijibu: "Andika vile wenzangu wamesema." Mwenyekiti alikataa, akasema kila mtu hapa ana mdomo wake, asiyekubali aseme na anayekubali aseme.

Papa Gélase alimgeukia Mama Namegabe, si Mwenyekiti, akasema: "Mama, mi nilitaka hii kona ya shemeji. Sikuficha. Lakini Fortunat nimemushikia kitambaa mara mingi, na iko inanitoka mikononi kila mara, hajui anakwenda wapi. Wewe nilijua kila mara unakwenda wapi. Ukae."

IMEAZIMIWA kwa kauli moja: Mama Gaëlle Namegabe ni mwanachama kamili kuanzia leo. Mwenyekiti alimkumbatia. Mwanamke wa nyanya naye alimkumbatia, ingawa si mwanachama.

Ilikubaliwa kwamba Bwana Fortunat aarifiwe na Papa Gélase mwenyewe. Papa Gélase alisema atamwarifu Jumatatu, akiwa ameshiba.

KUMB. NA. 8/06: MENGINEYO

Papa Gélase aliwasilisha pendekezo, akisema amelifikiria kwa kina: kwamba katika mifarishi yote ya chama tangu sasa, pindo lishonwe mwisho, baada ya nakshi zote. Alieleza faida zake mojamoja, kana kwamba kuna aliyekuwa anabisha. Mwenyekiti alimshukuru kwa pendekezo zuri. Limepitishwa. Hakuna aliyecheka, ila Bwana Shakuru aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo.

Dada Christa alimwomba Mama Namegabe amfundishe kokoto. Mama Namegabe alikubali kuanza Jumanne, na akasema yeye pia anataka kujifunza kutia zipu ya suruali, maana zipu zake zote zinapinda. Alisema hayo akimwangalia Papa Gélase. Papa Gélase alisema zipu si kitu cha kufundishwa mtu mwenye haraka. Mama Namegabe alisema hana haraka tena.

Mfarishi utatundikwa mlangoni, uso nje. Papa Gélase aliomba uwe unageuzwa siku mojamoja ili watu wauone mgongo. Imekubaliwa.

KUMB. NA. 9/06: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alisema kikao hakitafungwa mpaka mashine zifungwe, kwa kuwa azimio lisilotekelezwa ni maneno tu. Wajumbe walisimama.

Papa Gélase alipitisha mnyororo kwenye mashine zote kama kila jioni, akafika kwenye kona ya nguzo, na mnyororo haukufika kwa Mama Namegabe. Ulipungua kama urefu wa mkono. Alivuta, haukufika. Dada Christa alisema kesho tutanunua mwingine, Mama atabeba kwa leo tu. Papa Gélase alisema: "Apana, leo habebi." Akafungua kufuli, akarudi kwenye mashine yake kubwa ya makoti, ile ambayo haijawahi kusogezwa tangu baraza lijengwe, akamwita Bwana Shakuru washike huku na huku, wakaisukuma hadi ikagusana na mashine ya Mama Namegabe. Mnyororo ulifika. Kufuli lilifungwa.

Mama Namegabe alikuwa amekwishakitandaza kitenge cha kubebea, kwa mazoea. Alikitazama. Alikiokota, akajifunga kiunoni, akashuka kwenye ngazi za baraza hadi barabarani, akasimama pale mikono ikiwa mitupu. Kisha akaanza kulia.

Mwenyekiti alimwambia Katibu jambo hilo lisiandikwe, ni la mtu binafsi.

Mama Namegabe alisikia, akarudi hadi kwenye ngazi. Alisema: "Andika, Assia. Andika nililia, na andika mashini yangu imelala Bwiza."

Imeandikwa. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni, watu wakaenda makwao.

.................................
Irène Cirimwami
Mwenyekiti

.................................
Assia Radjabu
Katibu